Wakwe Kutoka kwa Rajmund

Ewald Pytlik alikuwa na vitu viwili vya kujivunia duniani, njiwa wake na sumu yake. Njiwa wake walijulikana mpaka mji wa Rybnik. Sumu ilijulikana na pua za majirani.

Kila mwaka viazi vilipoanza kutoa majani, Ewald alivaa koti lake la zamani la mgodini, akafunga kitambaa usoni, akabeba bomba la dawa mgongoni na kuingia shambani nyuma ya nyumba kama mtu anayekwenda kulipa kisasi. Adui zake walikuwa mbawakawa wa viazi, wadudu wa manjano wenye mistari myeusi mgongoni, wadogo kama punje ya mahindi, na watoto wao wekundu, wanene, wasiojua kushiba. Ewald aliwachukia tangu utotoni, siku zile walimu walipowatoa darasani kwenda kuwaokota mashambani na kuwaambia kwamba Wamarekani ndio wanaowamwaga kwa ndege.

"Nikimaliza kazi hapa," alikuwa akisema huku akipampu, "hatabaki hata wa kuwalilia."

Wakabaki. Kila mwaka walibaki wachache, na kila mwaka Ewald aliongeza ukali. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa alikiona ni cha watu waoga. Alianza na kifuniko kimoja, baadaye viwili, baadaye akaacha kupima kabisa, akawa anamimina kwa jicho, kama mkewe anavyotia chumvi.

Mkewe ni Truda, na mwaka huo Truda hakuweza kutia chumvi wala kitu kingine. Aliteleza kwenye ngazi za kanisa wiki moja kabla ya Pasaka, nyonga ikavunjika, akapasuliwa hospitalini na kurudishwa nyumbani kulala ghorofani, kwenye chumba chenye dirisha linaloangalia barabara. Shamba hakuliona. Na shambani, upande wa mwisho karibu na uzio, kulikuwa na matuta manne ambayo Truda hakuwahi kumwachia mtu mwingine ayaguse. Yalikuwa matuta ya viazi vya Starka.

Starka ndivyo watu wa huko wanavyomwita bibi. Bibi yake Truda alikuja kuolewa katika kijiji hicho na viazi vichache ndani ya aproni, vidogo, virefu, vyenye macho mekundu, na tangu hapo madonge ya Jumapili ya nyumba ile hayakupikwa kwa viazi vingine. Viazi vilipondwa, vikaviringishwa viganjani, vikabonyezwa kwa kidole gumba katikati ili kishimo kishike mchuzi wa nyama. Zamani nyumba nyingi zilikuwa na mbegu hiyo. Moja baada ya nyingine zikaiacha, zikapanda viazi vikubwa vya dukani. Mbegu ikabaki kwa Truda peke yake, kwenye rafu moja ya chumba cha chini.

Siku ya kwenda kupasuliwa, akiwa tayari kwenye machela, alimshika mumewe mkono.

"Ewald. Mimi nikifa, watoto watanililia. Viazi vya Starka vikifa, ndiyo basi tena."

"Nani anakufa hapa? Si mimi nipo."

"Ndiyo maana nina wasiwasi," akasema Truda.

Basi Ewald akapanda kama alivyoagizwa, akapalilia, akainua matuta. Mwezi wa sita mbawakawa walipojaa majanini, akapiga dawa. Asubuhi yake akatoka na kikombe cha kahawa kwenda kuangalia mizoga. Hapakuwa na mizoga. Wadudu walikuwa juu ya majani wanakula bila haraka, na majani bado yananuka sumu. Akapiga tena, mchanganyiko mzito zaidi, mpaka macho yake mwenyewe yakachuruzika. Kesho yake akamkuta mmoja amekaa juu ya bomba lenyewe, kwenye tundu linalotoa dawa, anajisafisha miguu.

"Amekuja kuomba kikombe cha pili," ikasema sauti kutoka upande wa pili wa uzio.

Alikuwa Rajmund Gajda. Walishuka shimo moja la makaa kwa maisha yao yote ya kazi, na ndiye aliyemshika binti yake Ewald siku ya ubatizo, kwa hiyo hapakuwa na matusi ambayo hakuruhusiwa kuyatoa. Rajmund alikuwa mnene, mpole, mzito wa kuinuka. Viazi vyake vilikuwa mbali, ng'ambo ya reli, na hakuwahi kuvipiga dawa hata siku moja. Jioni alitembea kati ya matuta na ndoo, akichuma mbawakawa kama mtu anayechuma maharage, akipiga mluzi. Njiwa wake walikuwa hivyo hivyo: walizunguka paa mara tatu na kushuka kula.

"Nenda kalale, Rajmund," akasema Ewald. "Njiwa wako wanakutafuta. Wamepotea njia kutoka paani kwenda kwenye sahani."

"Wangu wananenepa. Na wadudu wako pia, naona. Unawapa nini, Ewald? Nimpe mke wangu."

Wangecheka, kama kawaida yao. Lakini Ewald alikuwa akiangalia matuta manne ya mwisho, ambako majani yalishatobolewa kama chujio.

Dirisha la ghorofani likafunguliwa upande wa barabara, na sauti ya Truda ikazunguka nyumba. "Ewald! Vipi viazi vyangu?"

"Vimechanua!" akapiga kelele Ewald, kabla hajafikiri.

"Vimechanua?"

"Vyote! Maua meupe pe!"

"Haya," ikasema sauti. "Vizuri."

Rajmund alimtazama rafiki yake, akaitazama ile mifupa ya majani isiyo na ua hata moja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaondoka bila neno.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya mashindano. Njiwa wa wilaya nzima walipelekwa kwa lori mbali sana ndani ya Ujerumani, wakafunguliwa alfajiri, na wenye njiwa wote wakakaa nyuani mwao wakiangalia mbingu za magharibi. Ewald alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa. Rajmund alileta bia, kama alivyoleta kila mara, ingawa yeye hakuwa na njiwa hata mmoja angani. Jua lilikuwa kali na upepo wa mbele ulikuwa mbaya. Saa zikapita. Halafu nukta ndogo ikatokea juu ya mnara wa mgodi, ikakunja mabawa, ikashuka kwenye banda kama jiwe.

"Fika!" Ewald akanong'ona. Fika ndilo lilikuwa jina la jike wake bora. Akamshika, akamvua pete ya mpira mguuni, akambana kifuani. Moyo wa ndege ulikuwa unapiga kama cherehani.

"Wangapi wengine watarudi?" akauliza Rajmund.

"Leo? Wachache. Upepo umekuwa mbaya."

"Na wasiorudi?"

"Hawana watoto. Mtu atazaaje kama hayupo?"

"Wanaochelewa?"

"Supu. Unajua vizuri, umeinywa."

"Nimeinywa," Rajmund akakubali kwa heshima. "Kwa hiyo kila mwaka unabaki na wagumu tu."

"Ndiyo ufundi wenyewe, bwana! Unawapitisha kwenye taabu. Dhaifu wanakwisha. Wagumu wanabaki na banda lote peke yao, wanaoana wagumu kwa wagumu, na watoto wao wanatoka wagumu kuliko wao. Mwaka unaofuata unaongeza umbali. Unaongeza tu, kila mwaka unaongeza…"

Bia ilisimama katikati ya kifua na mdomo. Kidogo kidogo, kama mtu anayeogopa atakachokiona, akageuza shingo na kuliangalia shamba la viazi.

"Rajmund."

"Naam."

"Mimi ndiye niliyewafuga."

"Njiwa? Nani amebisha?"

"Si njiwa!" Ewald akasimama, Fika bado kifuani. "Wale! Wale kule! Kila mwaka nimewaandalia mashindano. Nimewapitisha kwenye sumu, waliokufa wamekufa, na waliobaki nimewaachia shamba zima na fungate juu. Wakazaa. Mwaka unaofuata nikaongeza dozi. Huyu anayekaa juu ya bomba langu, unajua ni nani? Ni bingwa, mtoto wa bingwa, mjukuu wa bingwa! Sijawahi kuwa na njiwa mwenye ukoo kama ule!"

Rajmund alicheka. Alicheka mpaka vumbi la makaa lililobaki mapafuni likaanza kupiga filimbi, akajishika mbavu, akafuta macho. Halafu akauona uso wa mwenzake, akaacha.

"Na wangu je?" akauliza taratibu.

"Wako?" Ewald akapunga mkono. "Wako hawajawahi kuonja hata tone. Goigoi watupu. Ukiwaonyesha kifuniko cha chupa tu wanazimia."

"Usiwatukane wadudu wangu. Hawajakukosea kitu."

Ewald alikuwa amekumbuka jambo. Miaka mingi nyuma, dume mmoja wa Rajmund, kibonge aliyeitwa Askofu, alipenya kwenye banda lake mwezi wa tatu na kukaa na jike bora kwa wiki nzima kabla ya kugunduliwa. Makinda waliotoka walikuwa wazuri, wa kupendeza, na walipofunguliwa kilomita chache tu kutoka nyumbani wakatua juu ya kituo cha treni na kukaa huko. Mwaka mmoja tu, na ukoo alioujenga tangu ujana ukaharibika. Kipindi chote cha baridi hakusema na Rajmund.

Aliiweka bia chini. Alimrudisha Fika bandani, akampa maji, akafunga mlango kwa uangalifu. Kuna wanaume wanaoweza kwenda kuomba kitu kwa jirani waliyemcheka maisha yao yote, wakaomba kirahisi kama kuomba kiberiti. Ewald hakuwa mmoja wao. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Askofu," akasema, akiangalia ukuta wa banda. "Unamkumbuka?"

"Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa familia."

"Nataka kina Askofu. Wa viazi. Mwakani, mwezi wa tano, watakapotoka ardhini. Niletee wengi kadiri uwezavyo."

Rajmund alifikiri muda mrefu. "Ewald," akasema mwisho, "unaniomba mimi posa?"

"Nakuomba wadudu, mjinga wewe!"

"Sema posa, nitaleta."

"Posa," akasema Ewald kwa meno yaliyobanana.

Lakini mwakani ilikuwa mbali, na viazi vya Starka vilikuwa vinaliwa sasa. Ewald akapanda ngazi. Truda alikuwa ameketi kitandani anafuma, magongo yameegemea kabati.

"Truda, kuhusu viazi."

"Vile vyenye maua meupe?"

"Ndiyo. Hivyo."

"Viazi vya Starka vinatoa maua ya zambarau, Ewald." Hakuinua macho kwenye sindano zake. "Miaka yote hii unavila, hujawahi kutazama ua lake hata mara moja."

Ewald akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Ulijua."

"Nilijua siku ile ile. Na mashati yako yananuka kama duka la mganga wa ng'ombe. Ila ulikuwa unadanganya kwa bidii sana, nikaona aibu kukukatiza. Vimebaki vingapi?"

Akamweleza yote: wadudu, njiwa, Askofu, posa. Truda alisikiliza mpaka mwisho. Sindano zilikuwa zimesimama.

"Unataka kuleta wadudu *zaidi*," akasema, "juu ya viazi vya Starka."

"Goigoi tu. Waje waoane na hawa wangu, watoto wao wawe goigoi. Nimewafanya wagumu mimi, siwezi kuwalainisha kwa bomba. Nimejaribu."

"Na wakila kila kitu kabla ya kuoana?"

"Basi nitakuwa nimeua viazi vya bibi yako mara mbili."

Truda alimtazama mtu huyu, uso umeungua kwa sumu yake mwenyewe, masikio bado mekundu kwa neno moja la posa. Akatupa kando alichokuwa anafuma.

"Nenda kalete toroli," akasema.

Na ndiyo maana wiki zile kijiji kizima kilipata burudani. Kila asubuhi Ewald alimtoa mkewe nje mikononi, akamkalisha kwenye toroli juu ya mto wa manyoya, akamsukuma mpaka shambani kati ya matuta, na Truda, akiwa na aproni yake na chupa pana ya matango iliyojaa maji ya sabuni, akachuma mbawakawa kushoto na kulia kama malkia anayegawa adhabu. Ewald alichuma kwa magoti. Waligeuza kila jani na kuponda mayai ya rangi ya chungwa kwa kidole gumba, kidole kile kile cha madonge.

"Ewald, sukuma."

"Nimesukuma sasa hivi."

"Sukuma tena. Kuna bingwa wako hapa ananikodolea macho."

Habari za posa zilikuwa zimeenea, na watu waliopita nje ya uzio walipiga kelele: "Harusi lini?" Naye Truda akawajibu: "Mwezi wa tano! Mtaletewa keki!"

Wakavuna ndoo mbili. Viazi vidogo, vingine kama karanga. Wakaviweka vyote rafuni kuwa mbegu, na Krismasi ile Truda, aliyekuwa sasa anatembea kwa gongo moja, akapika madonge ya viazi vya dukani. Ewald aliomba aongezewe, kwa sababu alimpenda, na Truda akaona kwamba ameomba kwa sababu hiyo.

Mwezi wa tano majani yalipotokeza, mabingwa nao wakatoka ardhini, wakaanza. Siku hiyo hiyo Rajmund akaonekana anavuka reli. Alikuwa amevaa koti la kanisani na kofia. Kwapani alibeba chupa pana iliyofungwa kitambaa chenye vitundu, na shingoni mwa chupa amefunga utepe mweupe.

"Amani kwa nyumba hii," akasema getini. "Nimeleta vijana. Si wasomi, lakini wana tabia njema."

Ewald alitaka kusema neno la kukata. Truda akamtangulia. Katika nchi ile hakuna harusi bila keki kupelekwa kwanza kwa majirani, na Truda alikuwa ameamka mapema: keki bapa ya jibini na ya mbegu za popi, imekatwa vipande na kufungwa kwenye karatasi nyeupe. Akampa Rajmund kifurushi kwa mikono miwili.

"Karibu, mkwe," akasema.

Rajmund alivua kofia. Alikuja kutania, lakini kifurushi kilikuwa bado cha moto mikononi mwake, naye akakishika kifuani pamoja na kofia.

Ewald akachukua chupa, akapiga magoti kwenye matuta ya Starka. Maisha yake yote alikuwa amewaponda wadudu hawa, na sasa alikuwa akiwatoa mmoja mmoja na kuwalaza juu ya majani machanga, taratibu, kama mtu anayelaza watoto. Kila mdudu alikuwa mdomo, na kila mdomo ulikuwa juu ya kitu ambacho hakingepatikana tena popote.

"Watachukua muda?" akauliza Truda, ameegemea gongo.

"Ni wadudu, Truda. Si sisi."

"Sisi tulichelewa kwa sababu ulikuwa bandani na njiwa."

"Nilikuwa nakuogopa," akasema Ewald kutoka chini, bila kugeuka. Jambo hilo hakuwahi kulisema.

Truda alinyoosha gongo, akamgusa mgongoni kidogo kwa ncha yake, basi.

Yalikuwa majuma ya roho mkononi. Mayai yalitagwa, watoto wekundu wakatoka, majani yakaanza kutobolewa. Ewald hakulala vizuri. Watoto walipokuwa bado wadogo alishusha bomba ukutani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akavaa miwani na kusoma kilichoandikwa kwenye chupa. Kifuniko kimoja. Akamimina kifuniko kimoja. Tuta moja la viazi vya kawaida, lile la karibu na reli, akaliacha bila dawa, goigoi wapate pa kuishi na kuzaa.

"Lile ni la Rajmund," akamwambia Truda. "Wajilie watakavyo."

Asubuhi akatoka bila kahawa. Chini ya majani, juu ya udongo, watoto wekundu walikuwa wamelala chali, wengi, miguu juu. Si wote. Hapa na pale mmoja alikuwa bado anatafuna, mwenye damu ya mabingwa, na huyo Ewald alimchuma kwa mkono na kumtia kwenye maji ya sabuni. "Wewe huoi," alimwambia. Hakushangilia. Alibaki amechuchumaa muda mrefu, mpaka kivuli kinene kikamfunika.

"Hao ni wangu?" akauliza Rajmund.

"Wajukuu zako."

Rajmund akavua kofia, akaishika tumboni. "Walikuwa watoto wazuri."

"Wazuri sana," akasema Ewald, na hakuwa anatania.

Siku zikapita, majani yakafunga matuta, mazito, ya kijani, yenye vitundu vichache tu vya kukumbusha. Truda alikuwa jikoni anamenya vitunguu, dirisha wazi, sauti ilipomfikia kutoka nyuma ya nyumba, sauti ya mzee anayepiga kelele kama kijana.

"Truda! Vimechanua!"

Akaweka kisu mezani. Hakwenda mara moja dirishani.

"Rangi gani?" akauliza.

Kukawa kimya. Kimya cha mtu anayeinama, anayeweka miwani sawasawa, anayetazama kitu kidogo kwa karibu kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Zambarau," ikasema sauti, taratibu. "Na katikati kuna manjano, Truda. Hujawahi kuniambia kwamba katikati kuna manjano."